Waya wa Kijani

Baba yangu alichukia mvumo kuliko alivyochukia uongo. Mvumo ninaousema ni ile sauti nzito inayotoka ndani ya spika kabla mtu hajasema neno, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Mafundi wengine wa Malindi waliuzoea. Waliwasha vyombo vyao, vikavuma, wakasema ndivyo vilivyo. Baba hakuuzoea. Vyombo vyake vilipowashwa watu waliuliza kama umeme umekatika, naye alijibu kwa kukigonga kipaza sauti kwa ukucha, mara moja tu, mtaa mzima ukasikia. Kisha akatazama pembeni kama mtu ambaye hakufanya lolote. Alikuwa na majivuno ya kimyakimya. Mimi nimeyarithi, ila yangu si ya kimya.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio, na kukodisha spika kwa harusi, maulidi na mikutano. Watu wetu walitoka kisiwa cha Pate, wakahamia Malindi kabla sijazaliwa. Nyumbani tulikuwa watatu, kwa sababu mama alikuwa ameshafariki: baba, mimi, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane aliyekaa chumba cha uani. Mimi nilikuwa nimerudi kwa baba miaka ya themanini mwanzoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na talaka mkononi. Nilirudi na sanduku moja na hasira nyingi. Kwa muda wa miezi miwili nilikaa ndani nikiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kilichonitoa ndani ni shughuli za wanawake. Kwetu, siku ya wanawake haingii mwanamume. Kama ni harusi, uwanja unazungushwa pazia la maturubai na leso, na ndani yake wanawake wanavua mabuibui, wanajipamba, wanacheza, wanasema watakalo. Baba alikaa nyumba ya jirani, barazani, na amplifaya yake miguuni. Kutoka pale alipitisha waya wa kipaza sauti dirishani au chini ya pazia, na yule aliyekuwa karibu upande wa pili aliupokea. Basi alikuwa akielekeza kwa sauti vitu asivyoviona. "Kigeuzeni kisitazame spika!" Nao wanakigeuza kuelekea spika hasa, kinapiga ukelele, watoto wanalia, bibi harusi anaziba masikio. Baba alikuwa akirudi nyumbani amekonda kwa siku moja.

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, wewe unaweza kuingia. Njoo nikufundishe." Hakunipa pole kwa talaka, hakunishauri nivumilie. Alinipa bisibisi. Sijapata kupewa kitu kilichonifaa zaidi.

Nikajifunza upesi. Nilijua kuchomelea waya kwa risasi iliyoyeyushwa, kubadilisha fyuzi, kuutambua waya wa kipaza sauti kwa kuukata na kuutazama ndani: uzi mwembamba katikati, na kuuzunguka wavu wa shaba uliosukwa kama ukili wa mkeka. Baba alinieleza kuwa sauti hupita katikati, na ule wavu kazi yake ni kuilinda, kuzuia uchafu wa umeme wa nje usiingie. Akanifundisha nisiulaze waya wa sauti sambamba na waya wa umeme. Zikikutana, zikatane kama msalaba, kisha kila mmoja ushike njia yake. Alikuwa mwalimu mzuri. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Na ndani ya pazia, kipaza sauti kilikuwa cha shangazi.

Shangazi ndiye aliyekuwa akiongoza vugo. Kwa asiyejua, vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake wa kwetu: wanasimama kwa safu, kila mmoja na pembe ya ng'ombe mkononi, wanaigonga kwa kijiti, na mmoja anatangulia kuimba wengine wanaitikia. Sauti yake haikuwa tamu. Ilikuwa na mkwaruzo, tena ilikuwa pana, na alijua kutunga papo kwa papo. Alimtania mama wa bwana harusi, akamtania somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, akamtania yeyote aliyekuja na dhahabu ya kuazima. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Wiki ile niliporudi na talaka yangu, alikuwa jikoni akipara samaki, akamtungia aliyekuwa mume wangu beti mbili ambazo siwezi kuziandika hapa. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwake. Nilimpenda shangazi kwa namna ambayo sikumpenda mtu mwingine, na hata baba nilimpenda baada yake.

Kulikuwa na harusi za namna mbili wakati ule. Waliopenda mambo mapya walitaka kinanda cha umeme. Kilikuwa kizito, mwili wa chuma, kinabebwa na wanawake wanne, na kilichomekwa kwenye soketi ya nyumba ya bibi harusi, huku amplifaya ikiwa imechomekwa kwa jirani alikokaa baba. Kutoka kinandani ulikwenda waya hadi kwenye amplifaya. Waliopenda ya zamani walitaka vugo tupu: pembe, sauti ya shangazi, na kipaza sauti kimoja.

Sasa, siku za kinanda, shangazi aliimba bila tatizo. Siku za vugo tupu, kipaza sauti kilimuuma.

Ilianza kidogo. "Kinanitekenya midomo," alisema. Mwaka uliofuata ikawa, "Leo kimeniuma." Wenzake walitazamana. Vugo ni ngoma ya wazee waliotangulia, walisema, na ngoma ya wazee ina wenyewe. Wenyewe maana yake ni wale wasioonekana. Mbona kwenye kinanda hakiumi? Kwa sababu kinanda kimekuja jana, hakina mwenyewe. Lakini vugo likipigwa wanakuja, na wakija wanataka kupokewa kwa heshima. Kwa hiyo ikawa desturi: kabla ya vugo, uwanja unamwagiwa maji kutuliza vumbi, unafukizwa ubani, na shangazi ananyunyiziwa marashi mikononi, miguuni, na juu ya kipaza sauti chenyewe. Kisha anavua viatu na kusimama peku kwenye mchanga uliolowa. Mara nyingine kilimuuma zaidi baada ya hapo, na wanawake walisema basi wenyewe wamekuja wengi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na bisibisi ndani ya buibui. Sikuamini, wala sikukataa. Nilikuwa nimelelewa na wanawake wale.

Kisha plagi ya amplifaya ikakanyagwa ikapasuka. Baba alikuwa sokoni, nikaifungua ili niweke mpya. Ndani ya waya wa umeme mna nyaya tatu. Mbili zinaleta umeme na kuurudisha. Wa tatu, wa kijani chenye mistari ya manjano, haufanyi kazi yoyote siku njema. Mafundi waliuita athi, nao unauunganisha mwili wa chombo na ardhi, ili umeme ukivuja uende chini badala ya kumwendea mtu. Wa kwetu ulikuwa umekatwa. Haukukatika wenyewe. Ulikatwa vizuri kwa koleo, ukakunjwa, ukafungwa tepu nyeusi nadhifu. Niliitambua ile tepu. Hakuna mtu mwingine Malindi aliyefunga tepu kwa unadhifu ule.

Baba aliporudi nikamwonyesha.

"Baba, waya wa ardhi umekatwa."

"Najua. Niliukata mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mvumo." Akaketi, akanieleza kwa subira. Kinanda kina ardhi yake, nyumba ya bibi harusi. Amplifaya ina ardhi yake, nyumba ya jirani. Ardhi hizo mbili hazilingani, na ukiviunga vyombo viwili kwa ule wavu wa shaba wa waya wa kinanda, umeme kidogo unazunguka humo, huku na huku, na spika zinavuma. Ukiikata ardhi moja, mzunguko umekatika na mvumo umekwisha. "Nilihangaika nao miaka. Siku niliyokata waya ule, kimya. Kimya kabisa."

"Na umeme ukivuja?"

"Chombo changu hakivuji," alisema, na nikajua mazungumzo yamekwisha. "Funga plagi kama ilivyokuwa."

Nikafunga kama ilivyokuwa. Nimejieleza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa mwanawe, nakula kwake, na yeye ndiye aliyenitoa gizani. Yote hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilijua nusu, na ile nusu nyingine sikutaka kuitafuta, maana ningeipata ningelazimika kusema. Nikaiacha.

Mwaka uliofuata tuliitwa Kilifi, harusi ya watu wa asili yetu waliohamia huko. Walitaka vugo tupu. Baba akaweka amplifaya nyumba ya pili, ukuta ukiwa baina yetu, nami nikapitisha waya chini ya pazia. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali, na wenye nyumba walikuwa wamemwaga maji mengi kuliko kawaida, mpaka mchanga ukawa tope. Nakumbuka wasichana walibeba viatu mikononi. Ubani ukafukizwa. Mama mmoja akamwagia shangazi marashi, na shangazi akamtania kwa kumwuliza kama anataka kumpika au kumpokea.

Akashika kipaza sauti. Pembe zikaanza. Akaimba ubeti wa kwanza, wakaitikia. Akafungua mdomo kwa ubeti wa pili na sauti haikutoka.

Mwanzoni nilidhani amesahau, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha nikaona mkono wake. Vidole vilikuwa vimekibana kipaza sauti mpaka vimekuwa vyeupe, na mkono wote ulikuwa unatetemeka mtetemo mdogomdogo wa haraka ambao si wa binadamu. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Wanawake waliendelea kugonga pembe, wengine wakapiga vigelegele, wakifikiri amepandwa na mashetani. Na nje, nyuma ya ukuta, baba aliposikia pembe bila sauti ya dada yake alidhani sauti imepungua, akaongeza.

Sikumgusa. Hilo baba alikuwa amenifundisha: usimshike mtu aliyeshikwa na umeme. Nikaukamata waya kwa leso niliyojifunga kiunoni, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, mara moja, mara mbili, ukang'oka kwenye shingo ya kipaza sauti. Shangazi akaanguka kifudifudi kwenye tope. Spika zikapiga kishindo, kisha zikanyamaza. Katika kimya kile nikasikia sauti ya baba nyuma ya pazia, amekasirika.

"Nani amegusa waya?"

Shangazi alipumua. Namshukuru Mungu kwamba alipumua. Hospitali walimfunga kiganja kilichoungua, wakamtazama moyo, wakamlaza siku mbili. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Baba alikaa kando ya kitanda chake siku zote mbili bila kula, akimshika mguu kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa bandeji. Alikuwa akilia waziwazi. Sijawahi kudai kwamba hakumpenda dada yake.

Tuliporudi Malindi hukumu ilikuwa imeshatolewa. Wanawake walikuja kumjulia hali, kila mmoja na sinia la chakula, na wakubwa wao wakamwambia kwa upole mwingi: wenyewe wamekukataa. Walikuonya miaka yote hii, dada, hukusikia. Sasa weka pembe chini kabla hawajakuchukua. Shangazi alisikiliza, kichwa ameinamisha. Walipoondoka aliniomba nizitoe pembe zake chini ya kitanda nimpelekee mwanamke mwingine, mtaa wa pili. "Usizitupe," alisema. "Mpe anayeziweza."

Nilizibeba pembe zile kifuani na njia nzima nilikuwa nikimlaani mtu ambaye sikumtaja hata moyoni.

Nilirudi moja kwa moja hadi chumba cha kazi cha baba. Alikuwa amekwenda kuswali. Nikaiwasha amplifaya, nikaunga kipaza sauti kwa waya mpya, nikachukua testa. Testa ni bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Ukigusa kitu chenye umeme, kitaa kinawaka. Nikaigusisha kwenye wavu wa kipaza sauti, pale mtu anapoweka midomo.

Kikawaka.

Kinanda kilikuwa pale, kimeletwa kutengenezwa vidole viwili vya kupigia vilivyokwama. Nikakichomeka kwenye soketi, nikakiunga na amplifaya kwa waya wake. Kitaa kikazimika. Nikachomoa waya wa kinanda. Kikawaka. Nikachomeka. Kikazimika. Nilifanya hivyo labda mara ishirini. Ule umeme uliokuwa ukivuja, kwa kuwa chumvi ya bahari ilikuwa imeshaanza kuila amplifaya ndani, siku za kinanda ulikuwa ukipita kwenye wavu wa shaba wa waya wake na kwenda chini kwa ardhi ya nyumba ya bibi harusi. Siku za vugo haukuwa na pa kwenda. Ulimngoja mtu ashike. Na sisi tulimvua viatu, tukammwagia maji na marashi.

Baba alinikuta katika hali hiyo. Sikumwamkia. Nilimpa testa mkononi nikasema, "Gusa." Akagusa. Nikachomoa, nikachomeka, nikachomoa. Alikuwa fundi kunishinda mimi, alielewa kabla sijamaliza. Akavuta kibao akaketi. Uso wake ulizeeka hapo hapo.

"Kuna njia nyingine ya kuondoa mvumo?" nilimwuliza. Nilitaka ajibu kwa mdomo wake.

"Vyombo vyote viwili vingetumia soketi moja," akasema. "Ardhi ingekuwa moja. Waya mmoja mrefu ungetosha."

"Waya mmoja mrefu."

"Usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele, baba." Nami sikuwa nimepiga. "Shangazi anaamini amekataliwa na mashetani. Nenda ukamwambie."

Alifungua plagi, akaitoa ile tepu nyeusi, akauunga waya wa kijani mahali pake. Mikono yake ilikuwa imara kabisa. Alipokaza skrubu ya mwisho akasema, bila kunitazama, "Nimeshatengeneza. Halitatokea tena. Nikisema, nani ataniita tena kwenye shughuli yake? Na hata hivyo, sauti yake ilikuwa imeshaanza kwisha. Ni umri. Angeacha mwaka huu au mwaka ujao."

Sauti yake haikuwa imeanza kwisha. Nilikuwa nasimama karibu nayo kila wiki, ningejua. Lakini niliona kwamba baba alikuwa ameshaishika ile fikra kwa mikono miwili, na kwamba ningemnyang'anya angezama. Nikatoka nje. Kwa wiki nzima sikumpikia, nilisema naumwa. Alikula mkate na chai, wala hakuuliza.

Nikaenda kumwambia shangazi mwenyewe. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba, anajaribu kusuka ukili kwa mkono mmoja na vidole vya miguu. Nikafunga mlango. Nikamweleza yote: waya wa kijani, mvumo, kinanda, testa. Nikamweleza pia kwamba mimi niliuona waya umekatwa mwaka mzima kabla, na nikafunga plagi nikanyamaza. Nilipofika hapo nililia nikashindwa kuendelea. Aliniacha nilie. Ukili ulikuwa umemponyoka, hakuuokota.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mimi na baba."

"Basi ibaki hapo."

Nilidhani hakunielewa. Nikarudia: hakuna mwenyewe yeyote aliyemkataa, ni waya tu, na umeshaungwa, anaweza kuimba kesho.

"N'mekusikia, mwanangu. Si kiziwi mie." Akanifuta uso kwa mkono wenye bandeji. "Hebu fikiri. Wakisema mashetani wamenikataa, watanihurumia mwaka, kisha watasahau. Wakisema ndugu yangu ndiye aliyenichoma kwa ajili ya sifa zake, hawatamsahau mpaka wanamzika. Na wakishamzika watamsema na mwanawe. Ndiye wewe huyo."

"Basi ufanyiwe radhi," nikasema. Ilikuwako njia, watu waliipendekeza: kufukiza, kuchinja, kuwaomba wenyewe msamaha, kisha arudi kwenye pembe zake kwa heshima. "Ufanyiwe radhi wakuone umerudi. Hakuna atakayeuliza."

Akanitazama kwa namna iliyonifanya nione haya. "Nikae kimya, hilo naliweza. Lakini nikapige magoti kuwaomba msamaha mashetani, na ilhali najua hawakuwapo? Mungu n'tamwambia nini? Umri huu?"

Nilikasirika naye. Nasema bila kuficha: nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia baba. Nilitaka agombe. Yule mwanamke aliyemtania kila mtu, aliyemvua nguo mume wangu kwa beti mbili jikoni, nilitaka asimame uwanjani aseme aliyenichoma ni yule pale. Badala yake aliokota ukili wake, akaanza upya.

Hakuimba tena. Kwenye harusi aliketi nyuma na wazee, akila, akicheka wenzake walipocheka. Mwanamke wa mtaa wa pili alizipiga pembe zake vizuri kiasi, na mara nyingine alikosea maneno, na mimi niliyesimama karibu na kipaza sauti niliuona mdomo wa shangazi ukiyasema yaliyo sahihi bila sauti. Vyombo vya baba havikuvuma. Alinunua waya mrefu, akaviunga vyombo vyote kwenye soketi moja, na sifa zake zikafika Mombasa. Alimhudumia dada yake kwa namna iliyonitia uchungu: samaki mnono wake, kitambaa kipya cha Idi wake, kahawa ya asubuhi akampelekea mwenyewe. Shangazi akipokea alisema, "Mungu akuweke, ndugu yangu." Wageni walisema hawajaona ndugu wapendanao hivi. Mara nyingine baba alisema mbele yake, kwa sauti ya mtu anayejituliza, kwamba sauti ni kama meno, ina umri wake. Shangazi aliitikia: "Kweli kabisa. Mimi yangu imeshakwisha zamani." Nami nikaondoka chumbani.

Mwishoni mwa miaka ile ya themanini nikaolewa tena. Mwanamke anayeolewa mara ya pili hapigiwi vugo, kwa hiyo ilikuwa shughuli ndogo: wali, nyama, majirani wachache. Nikaha ilisomwa msikitini baada ya alasiri, baba na wanaume wote wakaenda. Wanawake walikuwa uani wakipakua. Shangazi ndiye aliyekuwa akinivisha chumbani kwake, sisi wawili tu. Alinifunga kanga, akanifukiza udi, akanivuta mashavu akasema huyu wa pili aonekana mpole, nisimtie hasira zangu siku ya kwanza, ningoje ya tatu.

Kisha akaenda dirishani akafunga mbao zote mbili, akatia komeo. Akarudi mlangoni, akaufunga, akaziba ufa wa chini kwa buibui lake. Nikamwuliza ana nini. Akachukua kitana cha mti na kijiko cha chai, akaketi mbele yangu, akaanza kugonga.

Aliniimbia vugo zima. Aliimba kwa sauti ya chini, ameibana kifuani ili isivuke ukuta, na hata hivyo chumba kilijaa. Haikuwa imepungua popote. Ule mkwaruzo ulikuwapo, upana wake ulikuwapo, na beti zilikuwa mpya, zimetungwa kwa ajili yangu. Alimtania mume wangu mpya, akanitania mimi na bisibisi yangu, akanisifu kwa jina alilokuwa akinipa utotoni. Nilikuwa nimepakwa wanja na nilijua unaharibika, sikujali.

Alipomaliza alikuwa anahema. Aliweka kijiko chini, akasikiliza upande wa nje kama kuna aliyerudi kutoka msikitini. Hakukuwa na mtu. Akachukua ncha ya kanga yake akanisafisha macho, polepole, jicho moja kisha la pili, akaanza kunipaka wanja upya.

"Usimwambie babako," akasema, "kwamba bado naweza."

Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Sikumwambia.